Pícaro: Neno la Kihispania Lililotokea Jikoni

Kihispania kina neno ambalo bibi humwitia mjukuu aliyeficha kipande cha halua mfukoni, gazeti humwitia mfanyabiashara aliyekwepa kodi, na mwalimu wa fasihi hulitumia kutajia aina nzima ya riwaya. Neno hilo ni pícaro. Mkazo wake uko kwenye silabi ya kwanza, jambo ambalo ulimi wa Mswahili haulipendi, kwa kuwa sisi tumezoea kuikazia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitaka kulieleza kwa Kiswahili itakubidi uchague kati ya mjanja, laghai, ayari, mhuni na mtundu, na lolote utakalochagua litakuwa limeshika upande mmoja wa neno na kuuachia mwingine. Mimi nilijifunza Kihispania ukubwani, kwa masomo ya jioni, na neno hili ndilo lililoniingiza katika tabia ya kununua kamusi za asili ya maneno, tabia ambayo mke wangu anaihesabu kuwa utapeli wa aina yake, kwa kuwa kila kamusi huingia nyumbani na bei iliyo ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye risiti.

Katika kusoma huko, jambo moja limenikaa akilini kuliko mengine. Neno hili, ambalo leo ni jina la mtu asiyeaminika, lilianza kuandikwa kama jina la kazi, tena kazi ya chini kabisa katika nyumba ya tajiri. Sifa ya ubaya ililifuata baadaye, na waliolipachika sifa hiyo hawakuwa wale walioifanya kazi yenyewe.

Mwaka 1525 kilichapwa mjini Toledo kitabu cha mapishi cha Ruperto de Nola, kilichotafsiriwa kutoka Kikatalani, kikiwa kimesheheni michuzi, nyama za kuokwa na vyakula vya siku za kufunga, pamoja na maelezo ya jinsi nyumba ya bwana mkubwa inavyopaswa kuhudumiwa mezani. Humo ndimo wanaetimolojia, yaani wachunguzi wa asili ya maneno, wanapolikuta neno letu kwa mara ya kwanza, nalo halitembei peke yake: limeandikwa pícaro de cozina, yaani pícaro wa jikoni. Huyu hakuwa mpishi wala msaidizi wa mpishi. Alikuwa kijana aliyechota maji, akabeba kuni, akazungusha nyama iliyotungwa kwenye chuma juu ya moto, akasugua masizi ya sufuria, na jioni akalala palepale karibu na majivu kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Mara nyingi ujira wake ulikuwa makombo. Mtu wa namna hiyo, akila kipande cha nyama kabla hakijawa kombo, ameiba. Akikila baada ya bwana kushiba, amelipwa. Tofauti kati ya mshahara na wizi ilikuwa suala la dakika chache tu, na nadhani historia yote ya neno hili imejificha katika dakika hizo.

Kutoka jikoni neno likatoka nje. Kufikia mwaka 1548 linaonekana katika barua ya dhihaka iliyozungushwa kwa jina la kubuni la Bachiller de Arcadia, ambamo akina pícaro wanasimamishwa upande mmoja na watu wa ikulu upande mwingine, kama ncha mbili za jamii moja. Hapo kazi ya jikoni imekwisha kusahauliwa na neno limekuwa jina la tabaka: mtu mwenye nguo zilizochanika, asiye na bwana wa kudumu, anayeshinda sokoni akisubiri mzigo wa kubeba. Bado haijasemwa kwamba ni mwizi. Inadhaniwa tu, na dhana ya namna hiyo huwa haichukui muda mrefu kuingia kamusini.

Kuhusu chanzo cha neno lenyewe, wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka 400, na kwangu ubishi wao una ladha kuliko jibu. Wapo waliolitoa katika Picardía, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa, wakisema kwamba askari na watoro wa vita waliotoka huko walizagaa Hispania wakiombaomba na kuiba. Maelezo hayo yanampendeza mtu yeyote anayeamini kwamba wahuni wote huletwa na mipaka, lakini yana kasoro mbili. Vita vikubwa vya Wahispania katika jimbo hilo, vilivyofikia kilele kwenye mapigano ya San Quintín mwaka 1557, vilikuja miaka zaidi ya 30 baada ya neno kuchapwa katika kitabu cha mapishi. Tena mtu wa Picardía kwa Kihispania ni picardo, mkazo ukiwa katikati, na hakuna sababu ya kawaida ya kuufanya mkazo huo urukie mwanzoni na herufi d ipotee njiani. Jimbo hilo hata hivyo limeacha alama yake mahali pengine. Nomino ya tabia ya pícaro ilitarajiwa kuwa picaría, lakini Wahispania wanasema picardía, kwa kuwa watu wa mzaha walilipenda jina la jimbo wakalichanganya na neno lao, na mzaha ukageuka kuwa sarufi.

Wengine walilitoa katika pica, mkuki mrefu wa askari wa miguu, wakimfikiria askari aliyeachishwa kazi anayerudi nyumbani bila malipo. Wapo pia waliovuka bahari wakataja fakiri ya Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili atashawishika kuwaunga mkono kwa kuwa neno hilo analo mwenyewe kinywani. Nilishawishika pia, kwa muda. Lakini fakiri hukaziwa mwishoni kwa Kiarabu, na Kihispania cha karne ya 16 kilikuwa na sauti ya f ya kutosha bila kuhitaji kuigeuza kuwa p.

Joan Coromines, mtaalamu wa Kikatalani ambaye kamusi yake kubwa ya asili ya maneno ya Kihispania ilianza kutoka mwaka 1954, alikaa na maelezo yaliyo rahisi kuliko yote. Alilihusisha pícaro na neno kongwe zaidi, picaño, ambalo ndugu zake wamo katika shairi la Juan Ruiz la karne ya 14, kisha akayarudisha yote mawili kwenye kitenzi picar. Kitenzi hiki kina kazi nyingi: ndege akidonoa punje, nyuki akiuma, pilipili ikiwasha, mpishi akikatakata kitunguu na nyama, mtu akimchoma ng'ombe kwa ncha ya fimbo, vyote hivyo ni picar. Pícaro basi angekuwa mtu wa vibarua vya namna hiyo, wa kukata, kuchoma na kudonoa, na jiko la mwaka 1525 lingekuwa mahali pake halali. Mimi nakubaliana na maelezo haya, na si kwa sababu ya jina la aliyeyatoa. Yanaanzia pale neno lilipoonekana, ilhali yale mengine yanaanzia pale ambapo mtu anadhani mhuni anapaswa kuwa ametokea: kwa jirani wa kaskazini, kambini, au kwa Mwarabu.

Kinachonithibitishia zaidi ni kwamba pícaro hakuwa peke yake kupita njia hiyo. Kihispania kina neno pinche, ambalo mjini Madrid hadi leo ni jina la heshima kamili la msaidizi wa jikoni, na unaweza kulikuta kwenye tangazo la kazi la hospitali; lakini ukilitamka nchini Mexico umetukana, kwa sababu huko limekuwa kivumishi cha kubandikwa mbele ya kila kinachoudhi, kuanzia gari bovu hadi mkuu wa ofisi. Kuna sollastre, ambalo ni kijana wa kusugua vyombo, na kamusi ileile inaongeza bila aibu kwamba ni mlaghai aliyekubuhu. Kuna galopín, mtoto wa kutumwatumwa jikoni, ambaye pia ni mtoto mchafu asiye na adabu, na Wafaransa wana galopin wao aliyeanza kama mtu wa kutumwa akaishia kuwa mtoto mtukutu. Maneno manne, na yote yametoka katika chumba kimoja cha nyumba, chumba kilekile ambacho chakula cha mabwana kilipikiwa. Neno moja likigeuka hivyo unaweza kusema ni bahati mbaya. Yakigeuka manne, ni lazima uwatazame wale waliokuwa wanayatamka.

Ukilitanua jicho hadi kwenye lugha nyingine zilizozaliwa na Kilatini, unakuta desturi hiyohiyo nje ya jikoni. Captivus, mateka wa Kilatini, amekuwa cattivo kwa Kiitaliano, yaani mbaya. Mtu wa shamba, villanus, amekuwa villano, mtu mwovu asiye na ustaarabu. Na liko moja linalotuhusu moja kwa moja: miskin ya Kiarabu, ileile iliyotupa sisi maskini, iliingia Hispania enzi za Waislamu ikawa mezquino, ikafika Italia ikawa meschino na Ufaransa mesquin. Kwetu neno hilo limebaki na huruma yake yote. Tunalitamka peke yake, kwa kuvuta pumzi, tukisikia habari ya mtu aliyefiwa. Kwa Mhispania wa leo mezquino ni bahili, mtu mwenye roho ndogo. Njia kutoka kwa asiyekuwa na kitu hadi kwa asiyetaka kutoa kitu ilipitiwa na watu wenye vitu.

Haitakuwa haki kuwacheka Wahispania peke yao. Mhuni wetu wa zamani alikuwa mtu asiye na mke wala makao, mzururaji, na kapera yeyote angeweza kuitwa hivyo bila kuwa ameiba hata sindano. Dar es Salaam ya wakati wa ukoloni ililichukua jina hilo ikalibandika kwa vijana waliotoka bara kutafuta kazi, ambao wasipokuwa na kazi walikusanywa na kurudishwa makwao. Na mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa tena mitaani kwa kushindwa kuonyesha kwamba wameajiriwa. Siendi mbali zaidi na hapo, kwa sababu mhuni anastahili makala yake mwenyewe.

Kwa pícaro, mambo yalifanyika karibu vilevile lakini kwa karne ya 16. Hispania ilikuwa inapokea fedha nyingi kutoka Amerika na bei za vyakula zilikuwa zinapanda, wakulima waliokosa mavuno waliingia Toledo, Valladolid na Sevilla, na miji ikaanza kujiuliza ni maskini gani anayestahili kuomba. Juan Luis Vives, mzaliwa wa Valencia aliyehamia Bruges, alikuwa amekwisha kupendekeza mwaka 1526 kwamba miji iwaorodheshe maskini wake, iwape kazi wanaoweza kufanya kazi na iwazuie kuzurura. Mwaka 1545 mjadala ulilipuka Hispania kwenyewe: mtawa wa Kidominiko Domingo de Soto aliandika kwamba maskini ana haki ya kwenda kuomba popote anapotaka, kwa kuwa njaa haina mji wake, na mwaka huohuo mtawa wa Kibenedikto Juan de Robles akamjibu akitetea utaratibu, vibali na uchunguzi. Hoja za de Robles zina mantiki, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati atazitambua. Lakini zikishakubaliwa, inabidi lipatikane jina la yule aliyekataliwa kibali, yule mwenye mikono miwili mizima anayeonekana sokoni bila kazi. Jina lilikuwepo tayari, linanuka moshi wa jikoni.

Hapo ndipo anapoingia Mateo Alemán, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1547, mwaka uleule aliozaliwa Cervantes, mwandishi wa Don Quijote. Alikuwa mhasibu wa serikali, mwenye madeni, aliyewahi kuwekwa gerezani kwa ajili ya fedha. Mwaka 1593 alitumwa kuchunguza hali ya wafungwa waliokuwa wakifanyishwa kazi katika machimbo ya zebaki ya Almadén, ambayo Taji lilikuwa limeyakodisha kwa mabenki wa Kijerumani wa ukoo wa Fugger, wadai wake wakubwa. Zebaki hiyo ilihitajika Mexico kwa kusafishia fedha. Alemán aliketi na wafungwa mmoja mmoja akawahoji wanachokula, jinsi wanavyopigwa, na nani amekufa. Nao wakamweleza habari za maji ya kuchotwa usiku na mchana chini ya ardhi, na za wenzao waliofanya kazi kwenye tanuri wakaanza kutetemeka na kurukwa na akili. Uchunguzi ulisimamishwa kabla haujakamilika.

Miaka sita baadaye, mwaka 1599, mhasibu huyo alichapisha mjini Madrid sehemu ya kwanza ya Guzmán de Alfarache, riwaya ya mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe akiwa amefungwa kwenye merikebu ya makasia. Guzmán anatoroka nyumbani Sevilla, anaibiwa na wenye nyumba za wageni, anafika Madrid akiwa matambara matupu, na anachukua kapu awe mchukuzi sokoni. Hapo anatoa sifa ambayo sijaisahau: kwamba kazi hii haihitaji sindano, uzi wala nyundo, ila kapu moja tu, na kwamba ndani yake kuna uhuru ambao mtumishi wa mfalme haujui. Kisha anaingia jikoni kwa mpishi mmoja, na safari nzima ya neno tangu mwaka 1525 inarudiwa katika kurasa chache. Mpishi anaiba vyakula vya bwana wake, mke wa mpishi anavificha, wageni wa mpishi wanavila, na kijana wa kuosha vyombo anajifunza kwa kutazama. Siku moja anaiba kikombe cha fedha cha mke wa mpishi. Mama yule, akiogopa mumewe asijue, anampa pesa akamnunulie kingine kinachofanana. Kijana anakipeleka kikombe kilekile kwa mfua fedha kikasuguliwe king'ae, anakirudisha kama kipya, na pesa anabaki nazo. Msomaji anacheka. Anayeitwa pícaro katika jiko lile, hata hivyo, ni mmoja tu, na ndiye mdogo kuliko wote.

Alemán alikuwa na makusudi mazito. Kitabu chake kimejaa mahubiri, na jina alilotaka lishike ni Mnara wa Kutazamia Maisha ya Mwanadamu. Wasomaji hawakumsikiliza. Katika sehemu ya pili, iliyotoka Lisbon mwaka 1604, analalamika kwamba watu wamekiita kitabu chake Pícaro na sasa hakijulikani kwa jina jingine. Alikuwa ametembea Almadén akawaona watu ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwahukumu kwa neno moja, akawapa kurasa mamia ili wajieleze, na jamii ikakirudishia kitabu neno lilelile moja. Mwaka 1608 alipanda meli akahamia Mexico.

Walioandika baada yake walilichukua neno kila mmoja kwa mkono wake. Francisco López de Úbeda alimpa mwanamke jina hilo katika La pícara Justina mwaka 1605. Francisco de Quevedo, ambaye riwaya yake Buscón ilichapwa Zaragoza mwaka 1626, alimchukia mhusika wake waziwazi: kosa kubwa la kijana yule ni kutamani kuwa muungwana ilhali baba yake ni kinyozi mwizi, na kila anapojaribu kupanda ngazi mwandishi humvuta kwa mguu. Nimekisoma mara kadhaa kwa ajili ya lugha yake, ambayo ni ya ajabu, na kila mara nimekifunga nikiwa upande wa kijana.

Cervantes alikuwa na jicho jingine. Katika hadithi yake ya La ilustre fregona, ya mwaka 1613, kijana wa nyumba tajiri anatoroka kwao kwa hiari, bila njaa wala kipigo, ili akawe pícaro, na anafika hadi kwenye mitego ya jodari ya Zahara, karibu na Cádiz, mahali ambapo mwandishi anapaelezea kama chuo kikuu cha ufundi huo. Hapo tunawaona kwa mara ya kwanza watoto wa matajiri wakiuonea wivu umaskini kwa miezi ya kiangazi, huku wakijua kwamba baba ana kitanda. Na katika Don Quijote ya mwaka 1605 yumo Ginés de Pasamonte, mfungwa anayepelekwa kwenye makasia, ambaye anajigamba kwamba ameandika maisha yake na kwamba kitabu chake kitavifunika vyote vya aina hiyo. Anapoulizwa kama amekimaliza, anajibu kwamba kitamalizika vipi na maisha yake hayajesha.

Kutoka hapo neno lilisafiri katika tafsiri. Guzmán alikuwa na toleo la Kijerumani mwaka 1615 na la Kiingereza mwaka 1622, na karne iliyofuata mwandishi Lesage aliwapa Wafaransa riwaya ya Gil Blas, pícaro aliyeoga na kuchana nywele. Nyumbani Hispania neno lilianza kulainika. Kamusi kubwa ya Akademia ya Kifalme, katika juzuu lake la mwaka 1737, inaanza kwa ukali, ikimtaja pícaro kuwa mtu duni, mwenye hila, asiye na heshima wala haya. Lakini ukiendelea kusoma unakuta kwamba anaweza pia kuwa mwerevu, na mwishoni kwamba ni mtu mcheshi, mchangamfu, mwenye maneno matamu. Leo hii maana ya mwisho ndiyo inayosikika nyumbani. Mchezaji wa mpira anayeiba sekunde mbili kwenye kona husifiwa kwa picardía yake, na Waargentina wengi hadi kesho watakwambia kwamba bao alilofunga Maradona kwa mkono dhidi ya Uingereza mwaka 1986 lilikuwa hilohilo. Nguo nyepesi ya kulalia ya wanawake huitwa picardías. Na nchini Peru kuna vitumbua vya mviringo vya boga na viazi vitamu, vinavyomwagiwa asali ya miwa, ambavyo vinaitwa picarones, yaani mapícaro makubwa. Ni vitamu, na sitaki kuvitafutia nadharia.

Ulaini huo usitudanganye, kwa sababu una masharti. Mtoto akiitwa pícaro na bibi yake anachekewa. Mgeni asiye na karatasi akiitwa hivyo na mwenye nyumba, maana ya mwaka 1737 inarudi mzima mzima. Neno ni lilelile. Kinachobadilika ni kama anayeitwa ana pa kulala.

Nimekiacha makusudi kitabu ambacho kila mwalimu hukitaja kwanza. Lazarillo de Tormes kilichapwa mwaka 1554 bila jina la mwandishi, na matoleo manne ya mwaka huo yamesalia: la Burgos, la Alcalá de Henares, la Antwerp na la Medina del Campo. Kinaitwa mzazi wa riwaya zote za pícaro. Neno pícaro halimo ndani yake hata mara moja. Lázaro ni mtoto wa kinu cha kando ya mto Tormes, Salamanca, anayesimulia mabwana aliowatumikia mmoja baada ya mwingine, na ukikisoma kwa kuhesabu nani anamdanganya nani utapata hesabu isiyolingana na sifa yake.

Bwana wa kwanza ni kipofu mwombaji. Wakiwa Almorox wakati wa mavuno, wanapewa kishada cha zabibu, na kipofu anapendekeza wale kwa zamu, kila mmoja achume moja moja hadi kishada kiishe. Mara tu baada ya kuanza, kipofu anachuma mbili mbili. Lázaro anapoona bwana amevunja mkataba, naye anapandisha, mbili, kisha tatu, na zaidi anapoweza. Kishada kinapokwisha kipofu anatikisa kichwa na kusema kwamba ameibiwa, kwa kuwa Lázaro alikuwa anakula tatu tatu. Mtoto anakana na kuuliza anashuku kwa nini. Unajua nimejuaje, anajibu kipofu, kwamba ulikuwa unakula tatu? Mimi nilikula mbili mbili na wewe ulinyamaza. Mwizi wa pili anatambuliwa na mwizi wa kwanza kwa ukimya wake, na wasomaji wa karne nne wamekubaliana kwamba mjanja wa hadithi ni yule wa pili.

Bwana wa pili, padri wa Maqueda, anakula nyama akimwachia Lázaro mifupa, na anaufungia mkate wa sadaka katika sanduku. Wa tatu ni muungwana wa Toledo mwenye upanga na joho lakini hana hata kipande cha mkate, ambaye anatoka barabarani akichokoa meno kwa kijiti ili majirani wadhani amekula, huku akishibishwa na vipande ambavyo mtumishi wake ameomba mitaani. Hapo ndipo baraza la mji, kwa sababu ya mwaka mbaya wa ngano, linatangaza kwamba maskini wote wageni waondoke, na Lázaro anaona msafara wao ukichapwa viboko katika njia ya Cuatro Calles. Kwa hofu anaacha kuomba, na bwana na mtumishi wanashinda njaa pamoja. Kisha muungwana anatoroka deni la pango, na wadai wanamkamata mtoto.

Wa nne, mtawa, nampita; wa tano ndiye bingwa. Anauza hati za rehema za Papa vijijini, na anapoona watu wa eneo la La Sagra hawanunui, anapanga mchezo na askari wa mahakama aliyefuatana naye. Usiku wanagombana hadharani. Asubuhi askari anaingia kanisani katikati ya mahubiri na kutangaza kwamba hati ni za uongo. Mwuzaji anapiga magoti mimbarini akimwomba Mungu atoe ishara. Askari anaanguka chini akitoka povu, hadi anapowekewa hati kichwani na kupona. Zinanunuliwa zote, na habari inatangulia katika vijiji vya jirani. Lázaro mwenyewe aliamini, mpaka alipowaona wawili hao wakicheka. Hakuna kosa la mtoto huyu, si la mkate, si la divai wala la soseji, linalofikia robo ya udanganyifu huo, ambao ulifanywa kwa mhuri na kwa Kilatini.

Mwaka 1559 kitabu kiliingizwa katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku ya Fernando de Valdés, Mkuu wa Mahakama ya Imani. Nakala moja ya toleo la Medina del Campo ilifichwa ukutani katika nyumba moja mjini Barcarrota, jimbo la Badajoz, pamoja na vitabu vingine vya hatari, na haikuonekana tena hadi mafundi walipoubomoa ukuta mwaka 1992. Wasomaji wengine walisubiri hadi mwaka 1573, Juan López de Velasco aliporuhusiwa kukitoa tena kikiwa kimesafishwa. Alitoa sura ya nne, ya mtawa, na akatoa yote sura ya tano, ya mwuzaji wa hati. Zabibu, mkate na soseji aliviacha. Toleo hilo lililokatwa ndilo alilolichapa Luis Sánchez mjini Madrid mwaka 1599, mara tu Guzmán alipoanza kuuzika, na wasomaji wakawaweka Lázaro na Guzmán kwenye rafu moja chini ya jina pícaro, wakiwa na kitabu mikononi ambacho tapeli wake mkubwa alikuwa amekwisha kutolewa.